Shetani wa saa moja jioni: kwa nini kompyuta ya nyumbani inazima ovyo

"Mtoto yangu, hii mashini iko na shetani," jirani yangu aliniambia akiwa amesimama mlangoni kwangu, mikono kiunoni. Ni mama anayechapa TFC (kazi za kumaliza masomo) za wanafunzi nyumbani kwake, hapa Katindo, Goma, kwa kompyuta ya mezani aliyoinunua ikiwa imeshatumika. Jioni ile ilikuwa imezima mara ya tatu katikati ya sura ya pili ya kazi ya mtu.

"Shetani gani, Mama, anayekuja saa moja kila jioni?"

Hakucheka. Alikuwa ameshalipa dola kumi mara tatu ili ifomatiwe, yaani ifutwe yote na kupangwa upya, na kila mara fundi alimpa jibu moja: virusi.

Neno hilo limelisha watu wengi mjini. Lakini virusi, kwa kawaida, vinataka mashini iwake. Vinaiba namba za siri, vinatuma ujumbe wa utapeli kwa jina lako, vinachimba sarafu za kidijitali kwa umeme unaoulipia wewe. Kompyuta iliyozima haiwafai kitu walioviandika. Vipo vinavyoiangusha, sikatai, na vile vya kuchimba sarafu vinaweza kuichemsha mpaka ijizime yenyewe. Ila kuanza na virusi ni kumtafuta mbuzi sokoni Birere wakati kamba yake imekatikia uani.

Nilimpa Mama kazi moja tu kwa wiki nzima: daftari la shule, kalamu imefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza. Kila mashini inapoanguka, aandike saa, alichokuwa anafanya, imeangukaje, na nyumbani kulikuwa na nini wakati huo. Aliniangalia kama mtu aliyeomba dawa akapewa mtihani. Lakini ni mchapaji, kuandika hakumshindi. Siku ya nne daftari lilisomeka hivi:

Jumatatu, saa 1:10 jioni. Imekatika pu! Nilikuwa Word. Taa haikucheza.
Jumanne, saa 1:25 jioni. Imekatika tena. Imejiwasha yenyewe.
Jumatano, saa 4 asubuhi. Skrini ya buluu, maneno ya Kizungu, sikuwahi kusoma.
Jumatano, saa 12:50 jioni. Imekatika. Jirani anapika.

Mistari hiyo minne ilinifaa kuliko kufomati mara tatu, kwa sababu kompyuta haianguki kwa namna moja. Kuna kukatika: skrini nyeusi papo hapo, feni zimenyamaza, kana kwamba mtu amechomoa waya. Hapo Windows haikupata hata nafasi ya kusema kwaheri, na mara nyingi umeme au joto ndio wa kuulizwa kwanza. Kuna skrini ya buluu yenye maandishi: mfumo wenyewe umeona jambo lisilowezekana ndani yake ukaamua kusimama kabla haujaharibu mafaili. Hapo unauliza kumbukumbu ya muda (RAM), diski, na draiva, yaani programu ndogo zinazoongoza vifaa. Na kuna kuganda: picha ipo, kipanya hakisogei, muziki umekwama kwenye sauti moja kama nyuki ndani ya chupa. Kuganda ndiko kugumu zaidi, kunaweza kutoka pande zote, ingawa diski inayokufa hupenda sana njia hiyo. Ikiwa Word peke yake imejifunga na vingine vyote vinaendelea, hilo si anguko la mashini. Hilo ni tatizo la Word.

Sasa rudi kwenye daftari. Kukatika mara tatu, zote jioni. Skrini ya buluu mara moja, asubuhi. Mtu mwenye haraka angesema ni ugonjwa mmoja. Mimi nilianza kuhofia kuwa ni miwili, na mmoja unauficha mwingine.

Tuanze na jioni. Umeme wa nyumbani kwetu unatakiwa uwe volti 220, ukienda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Ndani ya kompyuta ya mezani kuna kisanduku cha chuma ambacho mafundi wa hapa wanakiita alimantasio. Kazi yake ni kuzipokea volti hizo 220 na kutoa volti 12, 5 na 3.3 zilizotulia, kwa kosa lisilozidi asilimia 5 juu au chini. Zikitoka nje ya hapo, kisanduku kinaondoa ishara inayouambia ubao mama (ubao mkuu unaounganisha vipande vyote) kuwa umeme ni mzuri, na kila kitu kinasimama. Si hasira, ni ulinzi.

Kisanduku hicho kina akiba, lakini ni ndogo ajabu. Mule ndani mna kapasita kubwa moja au mbili, ndefu kama kidole gumba, zinazoshikilia umeme kidogo wa kuvukia shimo. Kwa kisanduku kizima, akiba hiyo inatosha kama milisekunde 16 au 17. Mzunguko mmoja wa umeme wetu ni milisekunde 20. Maana yake umeme ukipotea kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua jicho, kompyuta imeshaanguka na wewe hujaona kitu. Zamani balbu ya waya ilikuwa inacheza na kukushuhudia. Balbu za LED za siku hizi nyingi zinavumilia volti za juu na za chini bila kuonyesha, kwa hiyo "taa haikucheza" ya Mama haikuwa ushahidi wa kuusafisha umeme.

Niliazima multimeta, kile kipimo cha umeme. Saa moja na robo jioni, kwenye mita ya parseli (kiwanja chao), nilipata volti 212. Sawa kabisa. Nikaingia ndani kwa Mama, nikachomeka vijiti kwenye prizi ile ile ya kompyuta: 176. Kutoka mita hadi meza, volti 36 zilikuwa zimeyeyuka.

Aliyezila ni waya. Parseli ile ina nyumba sita, na zote zinavuta kwenye waya mmoja mwembamba wa milimita za mraba 1.5, kama mita 60, wenye maungio mawili yaliyosokotwa kwa mkono na kufungwa plastiki ya mfuko. Mita 60 kwenda na 60 kurudi zinafanya ohm kama 1.4. Watu watatu wakiwasha resho (majiko) za umeme kwa pamoja wanavuta ampea zipatazo 22, na 22 mara 1.4 ni volti 30 zilizopotelea njiani, bado hujahesabu maungio. Hazipotei bure: zaidi ya wati 600 zinageuka joto ndani ya waya. Niliushika. Ulikuwa vuguvugu kama chupa ya chai. Hapo niliacha kufikiria kompyuta kwa dakika nzima, nikafikiria mbao za dari.

Alimantasio ya Mama ilikuwa ya zamani, ile yenye kiswichi chekundu nyuma kilichoandikwa 115 na 230. Aina hiyo, ikiwa upande wa 230, kwa kawaida inadai volti 180 au zaidi. Kwa 176 ilikuwa inatembea ukingoni. Zaidi ya hapo, akiba ya kapasita inafuata mraba wa volti: kwa 176 inabaki zaidi kidogo ya nusu ya ile ya 230. Jirani wa nne akibandika tu pasi, shetani amefika.

Nisimame hapa kidogo kwa ajili ya kiswichi hicho, kwa sababu nimeshaona mtu akikifanyia uhodari. Umeme ukiwa chini, kuna anayesema, "Basi nikiweke kwenye 115, kitavumilia." Kitavumilia mpaka umeme urudi juu. Kwenye 115 kisanduku kinazidisha volti mara mbili kabla ya kuzitumia. Zikiingia 220, kapasita zinapasuka kwa mlio wa fataki na moshi wenye harufu ya samaki aliyeungua. Kiache kwenye 230. Visanduku vipya vingi havina kiswichi, vinapokea kuanzia volti 100 hadi 240 vyenyewe, na kwa mji wetu hiyo ni sababu tosha ya kulipa zaidi kidogo.

Na regulateri, lile boksi lenye sindano ambalo kila nyumba inalo juu ya friji? Linasaidia volti zikiwa zimeshuka na kutulia hapo. Lakini linafanya kazi kwa kubadilisha nyuzi za ndani kwa rilei (swichi zinazojigeuza zenyewe), ule mlio wa "tak" unaousikia, na kila tak ni pengo la milisekunde kadhaa. Kwa friji si kitu. Kwa alimantasio iliyochoka, pengo lenyewe ndilo anguko. Tena regulateri haitengenezi umeme: ili ipandishe 176 iwe 220 inavuta ampea nyingi zaidi kwenye waya ule ule mwembamba, na jirani wa mwisho anazidi kushuka. Onduleri (UPS) yenye betri hai ndiyo inayoziba mapengo. Ila zile za bei nafuu nyingi zinatoa umeme wenye umbo la ngazi badala ya wimbi, na baadhi ya visanduku vipya havipatani nao, vinazima pale pale onduleri inaposhika zamu. Wenye invata za sola za bei ya chini wanaijua aibu hiyo. Jaribu na mzigo wako mwenyewe kabla ya kulipa.

Dawa ya Mama haikuwa boksi lolote. Ilikuwa waya wa milimita 6 na maungio ya skrubu. Kwa waya huo, ampea zile zile 22 zinakula volti kama 8 tu. Kuzishawishi familia sita zichange ilichukua wiki tatu, na sitaeleza vikao vile. Ngoja tu niseme kilichowashawishi hakikuwa kompyuta. Niliwaita mmoja mmoja wakaushika waya.

Mwenye laptopu ana bahati hapa: betri yake ni onduleri iliyojengwa ndani. Betri ikiwa nzima, umeme unaweza kucheza ngoma zote usisikie kitu. Ikiwa imekufa, laptopu inageuka kompyuta ya mezani yenye mgongo mwembamba. Na kuna jaribio la bure: chomoa shajeri, fanya kazi kwa betri. Ikianguka hata hivyo, iache prizi kwa amani, tafuta ndani. Ukiona touchpad imeinuka au kifuniko hakifungi sawa, betri imevimba. Zima, usiichaji tena, usiitoboe.

Kuna jambo la ardhi ambalo Goma inalo kuliko miji mingi. Tumejenga juu ya lava. Ile ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji na kufunika hata kipande cha njia ya ndege, na chini yake kuna lava za zamani zaidi. Nguzo ya chuma ya kupeleka umeme ardhini inahitaji udongo wenye unyevu. Jiwe hili kavu ni gumu kuchimba na linapitisha umeme vibaya. Matokeo yake nyumba nyingi zina prizi yenye tundu la ardhi lisiloenda popote. Utalijua ukigusa kasha la kompyuta kwa mgongo wa mkono, miguu peku kwenye sementi: linakutekenya. Ndani ya alimantasio kuna vikapasita viwili vidogo vya kuchuja kelele, vinavyounganisha nyaya mbili za umeme na kasha. Bila ardhi, kasha linakaa kati yao, karibu volti 110. Mkondo ni mdogo sana, chini ya miliampea moja, hauui. Lakini ukichomeka printa au waya wa HDMI mashini ikiwa inawaka, cheche hiyo ndogo inaweza kuigandisha au kuua tundu. Chomeka nyaya zote kwanza, kwenye ralonji (waya wa kurefushia prizi) moja, ndipo uwashe. Na fundi akikuambia atakutengenezea ardhi kwa kuunganisha tundu hilo na nyutro (waya wa kurudishia umeme) ndani ya prizi, mshukuru na umtoe nje. Nyutro ikikatika siku moja, kasha zima litakuwa na volti 220.

Kuhusu radi, neno moja. Mwaka 2016 wanasayansi walichapisha orodha ya sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani kwa vipimo vya satelaiti vya miaka 16. Ya kwanza ni Ziwa Maracaibo kule Venezuela. Ya pili ni Kabare, Kivu Kusini, yenye mimweko kama 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Hakuna ralonji ya kinga itakayokuokoa na hilo. Ngurumo ikianza, chomoa: umeme, waya wa intaneti, vyote.

Baada ya umeme, joto. Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, nyingi zinaanza kujipunguzia kasi zikikaribia nyuzi 100, na joto likizidi hapo zinajizima zenyewe zisiungue. Dalili yake inafanana na ya umeme, yaani kukatika, lakini ratiba ni tofauti. Kukatika kwa joto kunafuata kazi: video ndefu, mchezo wa mtoto, kuhariri picha za harusi. Ukiiwasha papo hapo inaanguka upesi zaidi. Ukiiacha ipoe nusu saa, inadumu tena. Programu ya bure kama HWiNFO itakuonyesha nyuzi zenyewe, huna haja ya kubahatisha.

Nilipofungua kasha la Mama, sikuziona mbavu za alumini juu ya prosesa. Kulikuwa na blanketi. Vumbi letu si kama la mahali pengine: ni lava iliyosagwa na matairi na magurudumu ya chukudu (baiskeli za mbao za kubebea mizigo), jeusi, lenye chenga zinazosikika kwenye meno. Linashikana na moshi wa makala ya kupikia kuwa kitu kama zulia la zamani. Nililitoa kwa brashi kavu ya rangi, nje, kidole kimoja kikizuia feni isizunguke, kwa sababu feni inayosukumwa kwa nguvu inazalisha umeme kinyume na inaharibu mhimili wake. Usipulize kwa mdomo, unarusha mate. Chini ya mbavu zile, ule uji wa kupitisha joto ulikuwa umekauka ukapasuka kama tope la kiangazi. Unafutwa kwa alkoholi, unawekwa mpya kiasi cha punje ya maharage madogo, basi. Wanaopaka kama siagi kwenye mkate wanafikiri wanaisaidia.

Mtu mmoja aliniuliza kama mwinuko nao unahusika. Ndiyo, kidogo. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, na hewa hapa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani. Feni inayozunguka kwa kasi ile ile inabeba joto pungufu kwa kiasi hicho. Lakini kompyuta nyingi zimeundwa kuvumilia hata mita 3,000. Mwinuko hautaangusha mashini safi. Utaiongezea tu taabu ile chafu.

Sasa ile Jumatano asubuhi, saa 4, wakati hakuna anayepika. Skrini ya buluu. (Kwenye Windows 11, tangu 2025, Microsoft imeanza kuifanya nyeusi, kwa hiyo usisubiri rangi, soma maneno.) Tatizo ni kwamba Windows imepangwa ijiwashe upya haraka, na maneno yanapita kabla hujavaa miwani. Kwenye Windows ya Kifaransa kama za hapa, ingia "Paramètres système avancés", kisha "Démarrage et récupération", uondoe alama kwenye "Redémarrer automatiquement". Skrini itasimama mpaka uipige picha kwa simu. Unachotafuta ni neno la herufi kubwa lenye mistari ya chini. MEMORY_MANAGEMENT inanyoosha kidole kwenye kumbukumbu. KERNEL_DATA_INPAGE_ERROR ni mfumo uliokwenda kuchukua kitu diskini ukarudi mikono mitupu. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR ni chuma chenyewe kinacholalamika, mara nyingi prosesa, joto au umeme wake. IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL kwa kawaida ni draiva iliyogusa kumbukumbu isiyo yake. Neno moja, mara moja, si hukumu. Maneno matano tofauti kwa wiki moja ni kama hukumu, na mshtakiwa wa kwanza ni RAM, kwa sababu kumbukumbu mbovu inaharibu chochote kilichokaa juu yake siku hiyo.

Watu wengi wanafungua "Observateur d'événements", daftari la matukio la Windows, wanakuta Kernel-Power, namba 41, wanatangaza alimantasio imekufa. Namba 41 inasema tu kwamba mashini iliwaka bila kuwa imezimwa vizuri. Ni kama mlinzi anayekuambia, "Nimekukuta umelala chini." Hajasema nani alikuangusha. Lakini ifungue uangalie BugcheckCode: ikiwa ni 0, hapakuwa na skrini ya buluu iliyoandikwa, rudi kwenye umeme, joto au kuganda. Ikiwa ni namba nyingine, kuna la kusoma. Afadhali zaidi ni kuandika perfmon /rel kwenye kisanduku cha kutafutia: inakuja kalenda yenye alama nyekundu kwa kila anguko, pamoja na programu zilizowekwa siku ile. Ni daftari la Mama, ila limejiandika.

Kwa Mama maneno yalikuwa matatu tofauti ndani ya siku kumi. Na alikuwa na dalili nyingine ambayo hakuwa ameihesabu kuwa dalili: "Faili ya mwanafunzi inafunguka leo, kesho inasema imeharibika." Pia fundi alikuwa amemlalamikia kwamba Windows inagoma kumaliza kujipanga. Aliifomati akafikiri CD ni mbaya. Yote hayo ni alama za bareti ya RAM, kile kibao chembamba cha kumbukumbu, kuwa mbovu.

Jaribio lake: zima, chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde kumi umeme uliobaki umalizike, gusa chuma cha kasha. Toa bareti. Meno yake ya dhahabu yasugue taratibu kwa ufutio mweupe wa shule, yafute kwa kitambaa kikavu, irudishe mpaka isikike "tak" pande zote mbili. Unyevunyevu wa ziwa na gesi ya volkano vinachosha madini, na nimeona mashini zikipona kwa ufutio peke yake. Hii haikupona. Kwa hiyo kukawa na mdsched, kipimo cha kumbukumbu kilichomo ndani ya Windows, na baadaye Memtest86+ kutoka flashi, usiku, kwa sababu saa nne za umeme bila kukatika ni anasa inayopatikana watu wakiwa wamelala. Bareti mbili, moja moja. Ya kwanza ilipita. Ya pili ilijaa mistari myekundu kabla ya robo saa.

Ingekuwa diski, mpangilio ungebadilika. Diski inayokufa haijaribiwi kwanza, inanakiliwa kwanza. Kila kipimo kizito unachoipiga kinaweza kuwa cha mwisho. Ikitoa sauti ya kugonga, ikiganda kila unapofungua folda fulani, chukua TFC na picha za marehemu bibi, ziweke kwingine, ndipo uangalie ripoti yake ya SMART, ile ya afya ambayo diski inajiandikia yenyewe. Namba za 05, C5 na C6, zinazohesabu sehemu zilizoharibika, zikianza kupanda wiki hadi wiki, usiitengeneze. chkdsk, kikaguzi cha diski cha Windows, inatengeneza maandishi juu ya karatasi, haishoni karatasi iliyochanika.

Na programu nazo zinaangusha, tusizitakase. Tarehe 19 Julai 2024 faili moja mbovu la masasisho ya CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, liliangusha mashini za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani. Baadhi ya viwanja vya ndege vikaandika kadi za kupandia ndege kwa mkono. Sababu ni kwamba programu hiyo inaishi kwenye kiini cha mfumo, pamoja na draiva, na huko kosa la mmoja linaangusha nyumba nzima. Kwa hiyo kama maanguko yalianza siku ulipoweka draiva mpya ya printa au antivirusi ya pili juu ya ile ya kwanza, huna haja ya multimeta. Ingia "Mode sans échec", itoe. Huko zinawaka draiva za lazima tu, na kama mashini inatulia kabisa humo, chuma kimeshapata dhamana. sfc /scannow nayo ina faida, haili megabaiti, inarudisha mafaili ya mfumo yaliyochafuka. Kufomati ni ya mwisho, na kunatibu kundi hili peke yake.

Kosa ambalo nusura nilifanye mimi mwenyewe ni kubadilisha vitu vitatu siku moja. Nilikuwa na waya, brashi na bareti mpya, na Mama alikuwa na wanafunzi wawili wanaosubiri kwenye benchi. Ningefanya vyote kwa mkupuo, na mashini ingetulia, nisingejua ni kipi kilichoponya, wala kipi cha kushuku ikianguka tena mwezi unaofuata. Bareti ilitoka Jumamosi. Skrini za buluu ziliisha, kukatika kwa jioni kukabaki. Joto lilishughulikiwa Jumatano, kukatika kukabaki. Waya ulipobadilishwa, wiki tatu baadaye, saa moja jioni ikapita kama saa nyingine yoyote.

Daftari bado limefungwa kwenye mguu wa meza. Juzi nilipita kuazima ralonji nikalikuta lina mstari mpya:

Ijumaa, saa 1:05 jioni. Imekatika pu! Mjukuu amepita juu ya waya na mpira.